Mjadala: Mpagazi akiumia Kilimanjaro, alipwe kwa sheria kama baharia?

Mwanzisha mada, Moshi

Wakuu, naileta hoja hii mezani ibishaniwe. Kila mpagazi anayepita geti la Mlima Kilimanjaro awe na kinga ya ajali inayolipiwa kwa tripu, na kampuni iliyoandikisha jina lake getini ndiyo ihesabiwe mwajiri wake tangu anapoingia mpaka anapotoka. Malipo hayajaonekana, msafara usipande.

Najua wengi mtasema sheria ipo. Kweli ipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa 2008, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ukaanza kukusanya michango 2015, na leo mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mshahara. Mfanyakazi hakatwi kitu. Ila mlimani mtu akiumia, mwajiri hapatikani: kampuni inasema aliyemchukua ni kiongozi wa msafara, kiongozi naye anasema yeye mwenyewe ni kibarua wa tripu hiyo.

Jirani yangu hapa Pasua aliteleza akishuka bonde la Karanga, mvua imenyesha, hema za wageni kichwani. Kifundo cha mguu kikavunjika. Wenzake wakagawana mzigo, akashushwa kwa machela ile ya gurudumu moja, akafungwa hogo mjini. Kampuni ilimtumia elfu hamsini kwa simu, na baada ya hapo simu zake hazikupokelewa tena. Mgeni wa msafara uleule angeteleza palepale, bima yake ingemwitia helikopta. Hili linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Kwa nini baharia? Kwa sababu naye huajiriwa kwa safari, mbali na hospitali, chini ya amri ya mtu mmoja, na hawezi kuacha kazi katikati akarudi nyumbani. Ndiyo maana tangu enzi za kale sheria za bahari zilimtaka mwenye meli amtunze na kumtibu baharia aliyeumia safarini, bila kuuliza kosa ni la nani. Fidia kamili ndiyo ilichelewa. Uingereza ilitunga sheria ya fidia kwa wafanyakazi 1897 ikawaacha mabaharia nje, wakaja kuingizwa 1906. Marekani ilishika njia nyingine: Sheria ya Jones ya 1920 ilimpa baharia haki ya kumshtaki mwajiri kwa uzembe. Njia hiyo ya mahakama kwetu haifai. Mtu yuko kitandani na hogo, wakili atamlipa nini?

Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Tanzania tuliuridhia 2019, unamtwisha mwenye meli gharama za matibabu, na nchi ikitaka kuweka ukomo, usipungue wiki 16 tangu siku ya kuumia. Wiki 16, wakuu. Kwa muda huo jirani yangu angekuwa ametibiwa vizuri bila kuuza mbuzi wa mama yake.

Mchangiaji, Arusha

Ndugu, nina kampuni ndogo, nakujibu bila kuzunguka. Tozo za mlima zimeshatuelemea, kila mwaka linaongezwa jambo. Mpagazi huyohuyo mwezi mmoja anapanda na kampuni tatu. Wapo wanaoficha ugonjwa ili wasikose tripu, akizidiwa kule kambi ya Barafu mnataka nilipe mimi? Na ukiongeza gharama kwa kila kichwa, wengine watapunguza vichwa na kuongeza mizigo. Atakayeumia ni huyohuyo unayemtetea.

Mwanzisha mada

Kaka, tupige hesabu. Tuseme unamlipa 20,000 kwa siku, tripu ya siku saba ni 140,000. Mchango wa Mfuko, asilimia 0.5 yake, ni shilingi 700. Chapati mbili hazinunuliki. Kwa wapagazi ishirini ni 14,000, na mgeni anayekuja kupanda amelipa dola kwa maelfu.

Kuhusu mizigo, mizani iko getini na kikomo cha kilo 20 kinajulikana. Kikikiukwa, hilo ni kosa la usimamizi, lisigeuzwe sababu ya kumnyima mtu fidia. La ugonjwa uliofichwa nakubali lina uzito. Mkataba wa mabaharia unaruhusu mwenye meli asilipie maradhi yaliyofichwa kwa makusudi wakati wa kuajiriwa. Tuliandike hivyohivyo. Kampuni tatu kwa mwezi si kikwazo, ndiyo sababu nasema ilipiwe kwa tripu.

Mchangiaji, Majengo

Nimefanya kazi melini miaka mingi kabla ya kurudi Moshi. Niongeze moja. Tangu 2017 meli zilizo chini ya mkataba huo lazima ziwe na cheti cha dhamana ya fidia, na nakala ibandikwe mahali ambapo mabaharia wote wanaiona. Baharia anasoma mwenyewe nani atalipa na ampigie nani. Mkiandika sheria yenu bila kipengele hicho, risiti zitabaki ofisini na mpagazi hatajua kama amelipiwa au la.

Mgumu (mpagazi), njia ya Machame

Mimi ndiye mnayemjadili. Wakubwa, mnasema 20,000, kuna kampuni zinatoa nusu ya hiyo na kutuambia tutamalizia kwenye tipu. Fidia itapigwa kwa mshahara upi? Nikivunjika mguu, tipu haiji.

Mwanzisha mada

Mdogo wangu, umegusa penyewe. Hata sheria ya Uingereza ya 1906 iliwaacha nje wavuvi waliolipwa kwa mgao wa mapato ya uvuvi badala ya mshahara. Mwenye kipato cha kugawiwa ndiye anayeponyoka kwanza. Kwa hiyo nabadili pendekezo: karatasi inayobaki getini iwe na jina la mpagazi, kampuni, mshahara wake wa siku usioshuka chini ya kima kilichokubaliwa, na namba ya malipo ya Mfuko. Nakala moja akae nayo mwenyewe, apande nayo mfukoni. Wenye kampuni wa Arusha na Moshi, semeni ni kipi hapo hamkitaki, na kwa nini.