Ritifaa ya ng': turekebishe mifumo au turekebishe maandishi?

Mleta mada:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu wa seva, kazi yangu ni kukesha na mashine ili ninyi mlale. Naleta hoja ndogo kama alama yenyewe ninayoizungumzia: ile ritifaa ya ng'ombe. Wakenya wengine mnaiita kibainishi.

Miaka kadhaa iliyopita niliamshwa saa nane usiku. Kazi ya usiku ya kutoa taarifa za wateja ilikuwa imekufa njiani. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikakuta imefia kwenye jina la mtu lililoanza na Ng'. Wanaojua SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, wameshacheka. Katika lugha ile, alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Programu ikifika kwenye Ng' inadhani jina limekwisha, na herufi zinazofuata inazichukua kuwa amri. Dawa inajulikana tangu zamani: usibandike jina la mtu ndani ya amri, lipitishe pembeni kama data. Ni kazi ya siku mbili tatu. Lakini bosi alitaka ripoti saa mbili asubuhi, nami nikaandika mstari mmoja tu: futa ritifaa zote kwenye safu ya majina. Ripoti ikatoka. Nikapongezwa.

Mwezi haujaisha, mama mmoja akaja kaunta na kitambulisho chenye Ng'. Mfumo ukasema Ng. Karani akamwambia haya ni majina mawili, kalete kiapo cha mahakama. Kiapo! Kwa kosa nililolifanya mimi, usiku, macho yamejaa usingizi.

Tangu hapo nabishana na wenzangu wa fani. Wapo wanaosema tuifute kabisa, atakayesoma ataelewa. Wapo wanaosema tuchukue herufi moja ya ŋ isimame badala ya ng', yaishe. Mimi nasema maandishi yaachwe yalivyo, mashine ndiyo ijifunze.

Ng' si ng iliyovaa kofia. Kung'oa jino ni jambo moja, kulia ngoa ni jingine kabisa. Nina kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 niliyorithi kwa babu, ipo kwenye rafu ya chumba cha seva (baridi ya mle inaitunza kuliko sebuleni kwangu), na imezitenganisha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981 nayo vilevile. Halafu tazameni ramani: Wanging'ombe mkoani Njombe, Nyang'hwale mkoani Geita, Ng'ambo ya mjini Unguja. Kule Kenya kuna kaunti ya Murang'a, na gavana wake ni Kang'ata. Huyo akijaza jina na kaunti yake, fomu mbovu inamkwamisha mara mbili.

Tena tatizo si ritifaa moja, ziko mbili. Ile ya kibodi imesimama wima, na namba ambayo kompyuta inaitambua kwayo ni 39. Word na simu nyingi huipinda zenyewe bila kukuuliza, ikawa namba 8217. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa mashine ni vitu viwili visivyojuana. Niliwahi kusaidia shule moja kuweka orodha ya vitabu vya maktaba kwenye kompyuta. Nikatafuta "ng'ombe", nikapata sifuri, na kitabu cha ufugaji kiko mezani mbele yangu. Aliyeingiza majina alikuwa ameyanakili kutoka Word. Mkutubi alikuwa ameshapata mbinu yake: anatafuta "ombe".

Karibuni tubishane.

Mwalimu mstaafu, Morogoro:

Kijana, umeikuza. Wazee wa pwani walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ghaini moja ilibeba gh, g, ng na ng', na tenzi zikasomwa bila mtu kujikwaa. Msomaji hujaza mwenyewe. Andika "ngombe" uone kama kuna mtoto wa Kitanzania atakayelitamka vibaya.

Mleta mada:

Shikamoo mwalimu. Ni kweli, ila yule msomaji wa utenzi alikuwa anaijua lugha kabla ya kuushika waraka, na mara nyingi alishausikia ukighaniwa. "Ngombe" atalijaza kwa sababu ng'ombe anamjua. Jina la ukoo asilowahi kulisikia atalijaza kwa kitu gani? Na mashine ndiyo haijazi kabisa. Inalinganisha herufi kwa herufi, ikiona tofauti inakataa, na karani siku hizi anaisikiliza kuliko anavyomsikiliza mwenye jina.

Mchangiaji, Kampala:

Sisi tunaoandika Luganda tuna ŋ kwenye tahajia rasmi. Ngoma tunaandika eŋŋoma. Haina ritifaa, haigombani na SQL, na kwenye Unicode, ile orodha ya herufi za lugha zote inayotumiwa na kompyuta, ni herufi kamili. Mnasubiri nini?

Mleta mada:

Hoja yako ndiyo inayoninyima usingizi, maana kitaalamu ni safi. Lakini njoo kwenye meseji za kawaida. Alfabeti ya msingi ya SMS inakupa herufi 160 kwa ujumbe. Ritifaa ya wima imo, ŋ haimo. Ukiweka ŋ moja tu, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine na kikomo kinashuka hadi 70. Shule ikiwatumia wazazi ujumbe wa herufi 120, ilikuwa inalipia meseji moja, sasa inalipia mbili, kwa ajili ya herufi moja. (Ritifaa iliyopinda inafanya hivyohivyo, wahasibu wachache wanalijua hilo.) Halafu sema kweli, wewe kwenye simu unaandika ŋ?

Mchangiaji, Kampala:

Kwenye simu naandika ng'. Umenishika.

Mkenya:

Anwani ya tovuti hairuhusu ritifaa, Murang'a inaandikwa muranga na maisha yanaendelea. Mbona hatujafa?

Mleta mada:

Anwani ni kama sanduku la posta, haina ugomvi. Sanduku hata likiitwa namba, barua itafika. Ninachokataa ni mtu kuambiwa kitambulisho chake kina makosa.

Mwandika programu, Dar:

Mkuu, unasema "mashine ijifunze" kana kwamba ni mtoto wa shule. Kuna mifumo ilinunuliwa nje zamani, aliyeiandika hajulikani aliko, na ukiigusa sehemu moja inaanguka tatu. Nani atalipa?

Mleta mada:

Hapo sina jibu la kuridhisha. Kwa mifumo ya zamani ninachofanya ni kuweka mlinzi mlangoni: kila ritifaa inayoingia, iliyopinda au ya wima, inageuzwa kuwa aina moja kabla ya kuhifadhiwa, na upande wa kutafuta mfumo unakubali jina likiwa na ritifaa au bila. Kinachobaki kwenye kanzidata ni jina zima. Si ufundi wa kujivunia, ila mkutubi wangu ameacha kutafuta "ombe". Kwa mifumo mipya sina huruma. Anayekabidhi programu leo inayoanguka kwa Ng'ombe asilipwe awamu ya mwisho.

Mwalimu mstaafu, Morogoro:

Sasa swali la pembeni. Yale majina uliyoyafuta usiku ule, umeyarudisha?

Mleta mada:

Mwalimu, nilijua utafika huko. Nakala rudufu ya wiki ile ipo, kwa hiyo waliosajiliwa kabla ya usiku ule nimewarejeshea. Tatizo ni waliosajiliwa baadaye, maana amri ile iliachwa ikawa inajiendesha kila usiku, na nakala za wakati huo zimeshafutwa kwa utaratibu wa kawaida. Mtu ameandikwa Ngwandu. Ni Ngwandu au Ng'wandu? Wote wapo duniani, wote ni majina halali. Hakuna programu ninayoweza kuiandika ikanijibu. Nimetoa orodha ya wote wenye ng katika jina, na kila siku baada ya saa kumi nawapigia simu, mmoja mmoja, nawaomba watamke jina lao. Nimefika herufi M.