Mrejesho: kipimo cha kumbukumbu cha mwanangu

Ndugu zangu, niliuliza kuhusu kijana wangu anayecheza raga: kabla ya msimu alipimwa kumbukumbu kwa kompyuta, ripoti ikasema majibu si halali. Je, anaitwa mwongo?

Tumemwona mwanasaikolojia huku Upper Hill, Nairobi. Akasema hapana, haitwi mwongo. “Si halali” maana yake ni kwamba alama hizo haziwezi kutegemewa kuonyesha uwezo wake. Programu hukagua kama mtu amebofya kabla hajaweza kusoma, au amekosa maswali mepesi akapata magumu. Ila wapo wachezaji wanaojifelisha makusudi, ili wakigongwa kichwa na kupimwa tena, tofauti na alama za mwanzo isionekane. Hilo limeninyima usingizi.

Alitueleza pia TOMM, kipimo cha 1996 cha kukagua kama mtu anajifanya hana kumbukumbu: unaonyeshwa picha 50, kisha kila moja unaichagua kati ya mbili. Anayebahatisha hupata karibu 25. Ukipata 10, ni vigumu kuamini hukuyajua majibu ukayakwepa makusudi.

Wangu alipimiwa ukumbini na timu nzima, kelele tupu, maelekezo akayaruka. Amerudia peke yake kwenye chumba kitulivu, na safari hii yamekubalika. Nimemwomba kocha awapime wote hivyo. Bado nasubiri jibu lake.