Mrejesho: mgogoro wa ufukwe wetu wa umma

Niliomba ushauri kuhusu ufukwe ambako wavuvi, waogeleaji, wacheza mpira na wenye mbwa walikuwa wakigombana kila wikiendi. Asanteni sana, narudi na matokeo.

Kugawana kwa saa kumefaa kuliko kugawana kwa mipaka. Maji yakijaa mchanga hupungua, kwa hiyo mstari uliochorwa wakati wa maji kupwa hauna maana baadaye. Mbwa sasa ni alfajiri tu, tena wakiwa na kamba; mpira ni jioni. Wavuvi peke yao wamepewa njia ya kudumu ya kupitisha mashua, iliyotengwa kwa maboya, maana wao hufuata maji, si saa. Naona ni haki kabisa: kwao ile ni riziki.

Kasa ndio walionigusa zaidi. Watoto wao wakianguliwa usiku huelekea kwenye mwanga, hivyo taa za ufukweni huwapoteza njia ya baharini. Mwenye kibanda mmoja amekubali kuzima zake msimu wa mayai. Mwingine bado anakataa, tunaendelea kuzungumza naye.

Wanaotumia viti vya magurudumu bado hawafiki majini. Hilo linaniuma, na ndilo tunalolipeleka kwenye kikao kijacho.