Msumari wabaki kuwa sumaku baada ya kuondoa betri: kosa liko wapi?

Mwalimu wa Darasa la Sita

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha sayansi darasa la sita, na wiki hii tumetengeneza sumaku ya umeme kwa msumari wa inchi 6, betri moja kubwa ya volti 1.5, na waya wa shaba wenye kipenyo cha nusu milimita, ule uliopakwa vanishi, tuliouzungusha mara 80 hivi. Kitabu kinasema kwamba mkondo ukikatwa, usumaku hutoweka. Msumari ulinasa pini 11. Nilipochomoa waya kwenye betri, pini 7 zilianguka na 4 zikabaki zikining'inia, mbele ya watoto ambao nilikuwa nimekwisha kuwaandikia ubaoni kwamba zote zitaanguka.

Kuna mengine mawili yaliyonisumbua. Betri ilipata joto kali kabla hata dakika mbili hazijaisha. Kisha tukaongeza mizunguko ya waya hadi 160, nami nikatarajia pini 22, lakini tulipata 15 tu. Je, nilikosea mimi, au kitabu kimerahisisha mambo kupita kiasi?

Fizikia Jioni

Mwalimu, hukukosea, ila kitabu chako kimeacha maneno mawili: chuma laini. Kanuni ya usumaku kutoweka ni ya chuma laini, na msumari wa dukani si chuma laini hata kama unapinda kwa nyundo.

Ndani ya chuma, kila atomi ni kama sumaku ndogo sana, na atomi zilizo jirani hujipanga kwa makundi ambamo zote zinaelekea upande mmoja. Katika chuma ambacho hakijasumakishwa, makundi hayo yanaelekea huku na huku, kwa hiyo nguvu zao zinafutana na pini haivutwi. Ukipitisha mkondo katika koili, yaani waya uliozungushwa, uga wake wa sumaku (eneo linalofikiwa na nguvu yake) huyapendelea makundi yaliyoelekea upande wake, nayo hupanuka kwa kuwamega jirani zao, kama mkulima anayesogeza mpaka wa shamba kidogo kidogo. Ukikata mkondo, swali linakuwa moja tu: je, mipaka hiyo itarudi ilikotoka? Katika chuma laini hurudi karibu yote, kwa sababu hakuna cha kuizuia. Katika feleji, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni, na katika chuma chochote kilichofinywa au kuvutwa kikiwa baridi, mipaka hunaswa njiani. Msumari hukatwa kutoka kwenye waya uliovutwa kwa nguvu kupita katika matundu membamba ukiwa baridi, na mvuto huo huuacha na mikazo mingi ndani yake. Pini zako 4 zilikuwa zimeshikwa na mikazo hiyo.

Dawa ipo, tena haina gharama. Uweke msumari kwenye jiko la mkaa hadi uwe mwekundu kabisa, kisha uufukie katika majivu ya moto na kuuacha humo hadi asubuhi. Usiutumbukize majini, kwa maana kupozwa ghafla ni njia ya kukifanya chuma kiwe kigumu, nasi tunataka kinyume chake. Chuma kikipita nyuzi 770 za Selsiasi hupoteza mpangilio wake wote wa kisumaku, na kikipoa polepole mikazo ya ndani hulegea. Unapoufukia, ulaze kuelekea mashariki na magharibi. Hili linaonekana kama uchawi, lakini lina sababu: William Gilbert, daktari wa Uingereza, aliandika mwaka 1600 kwamba chuma chekundu kinachofuliwa na kupoa kikiwa kimelala kaskazini na kusini hupata usumaku kidogo kutoka kwa dunia yenyewe.

Fundi Mota

Shikamoo Mwalimu. Mimi kazi yangu ni kusuka mota zilizoungua, kwa hiyo nitajibu kuhusu joto na mizunguko.

Waya wa shaba wa nusu milimita una ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia mkondo, wa takriban omu 0.087 kwa kila mita. Mizunguko 80 kwenye msumari wa inchi 6, pamoja na miguu ya kuungia, inakula karibu mita 2, yaani omu 0.17 tu. Gawa volti 1.5 kwa 0.17 upate karibu ampea 9. Betri yako haiwezi kutoa mkondo huo, kwa sababu yenyewe ina ukinzani wake wa ndani, lakini itajaribu, na joto ulilolishika mkononi ndilo jasho la kujaribu huko. Kwa lugha ya karakana, ulikuwa umepiga shoti.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la pini 15. Nguvu ya koili hutokana na idadi ya mizunguko ikizidishwa kwa ampea. Ulipoongeza mizunguko kwa waya uleule, uliongeza pia urefu wa waya na ukinzani wake, mkondo ukapungua, na sehemu ya faida ikaliwa. Laiti betri isingekuwa na ukinzani wa ndani, kuongeza mizunguko maradufu kungepunguza mkondo kwa nusu, na nguvu ingebaki palepale. Hata hivyo usirudi kwenye mizunguko 80, maana ile 160 haiitesi betri kama ile 80, nayo inafanya kazi kubwa zaidi. Ongeza hata ifike 300 ukipata waya, na usiunganishe kwa zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja.

Kuhusu vanishi, ikwangue kwenye ncha mbili za waya peke yake. Wanafunzi wengi huikwangua kote wakidhani ni uchafu, na mkondo huo hukatiza kutoka mzunguko hadi mzunguko badala ya kuufuata waya. William Sturgeon, aliyeonyesha sumaku yake ya umeme Uingereza mwaka 1825, alitumia waya mtupu, hivyo ilimbidi apake vanishi chuma chenyewe na kuiacha mizunguko yake 18 ikiwa mbalimbali. Chuma hicho cha gramu 200 hivi kilinyanyua uzito wa karibu kilo 4. Baadaye Joseph Henry wa Marekani aliuvika waya hariri, akaweza kuibananisha mizunguko na kuipanga tabaka juu ya tabaka.

Baba Pacha

Samahani kwa kuingilia. Nakumbuka tuliambiwa shuleni kwamba ukigeuza betri, usumaku uliobaki hufutika. Je, hilo si rahisi kuliko kuwasha jiko? Na kama betri ni dhaifu, kwa nini Mwalimu asitumie umeme wa ukutani?

Fundi Mota

La ukutani hapana, Baba Pacha, hata kwa mzaha. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na koili hiyo haina ukinzani wa kuuzuia. Waya utayeyuka, na mtoto aliyeushika anaweza kufa. Darasani tumieni betri tu.

Fizikia Jioni

Kugeuza betri kunafanya kazi, lakini kunataka kipimo. Mkondo kidogo wa kinyume huirudisha mipaka hadi pale ambapo makundi yanafutana. Ukizidi hapo, msumari unasumakishwa upya, safari hii kaskazini ikiwa mahali pa kusini. Gusisha waya kwa sekunde moja, pima kwa pini, gusisha tena. Pia hili linafuta usumaku bila kulainisha chuma, kwa hiyo jaribio la kesho litaleta tatizo lilelile.

Mwalimu wa Darasa la Sita

Marahaba, Fundi, na asanteni nyote. Jana usiku nilichoma misumari 2 na kuifukia katika majivu, na leo nimeirudisha darasani pamoja na mmoja ambao haukuchomwa, yote ikiwa na mizunguko 160. Ule ambao haukuchomwa ulibaki na pini 5 baada ya kukata mkondo. Iliyochomwa, mmoja haukubaki na pini hata moja, na wa pili ulibaki na 1. Betri ilipata joto la kawaida tu, kwa kuwa niliwapa watoto kazi ya kuhesabu sekunde kwa sauti.

Sasa mwanafunzi mmoja ameniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Pini zilizoanguka mezani zilikuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, mbali na msumari. Nilimwambia huenda zimekwaruzana tu, lakini hakuridhika, na kwa kweli hata mimi sikuridhika.

Fizikia Jioni

Mwanafunzi wako ana haki ya kutoridhika. Pini ni feleji ngumu kuliko msumari, na zilipokuwa zimening'inia kwenye ncha yake zilisumakishwa pia, kila moja ikiivuta iliyo chini yake. Zilipoanguka ziliondoka na sehemu ya usumaku huo.

Mpe dira ahakikishe mwenyewe, ila aangalie kusukumana, si kuvutana. Sindano ya dira huvutwa na chuma chochote kilicho karibu, hata kisicho sumaku, lakini hakuna kinachoweza kuisukuma isipokuwa sumaku nyingine. Aifunge pini kwa uzi katikati, asiiguse kwa vidole, na aisogeze taratibu kwenye ncha moja ya sindano, kwanza kwa kichwa cha pini kisha kwa ncha yake kali. Upande mmoja ukivuta na wa pili ukisukuma, atakuwa amepata jibu lake.