Naomba ushauri: Bibi anaona watoto ambao hawapo

Wakuu, habari zenu. Bibi yetu yuko Tanga, na presha ya macho imemfikisha pabaya, sasa anatambua mwanga na vivuli tu. Siku hizi anaona watoto wamekaa mkekani karibu na kitanda, kimya kabisa. Anaeleza mpaka marinda ya magauni yao! Akili yake ni timamu. Hesabu za vitumbua vyake anazisimamia mwenyewe. Na anasema wazi, "Najua hawapo, ila nawaona."

Mjomba anataka apelekwe kwa mganga akatolewe majini. Mimi sikubali. Nimesoma kuhusu hali inayoitwa Charles Bonnet, kwa jina la msomi wa Geneva aliyeandika mwaka 1760 habari za babu yake, mzee mwenye mtoto wa jicho aliyeona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Inaelezwa kwamba ubongo haungoji picha kamili kutoka machoni. Muda wote unakisia kilicho mbele kwa mazoea yake, bila sisi kujua, na macho yanausahihisha. Macho yakififia, makisio yanabaki bila msahihishaji.

Waliowahi kuuguza mzee wa namna hii, tuanze kwa daktari wa macho au wa akili? Dawa zake zinaweza kuchangia? Na mjomba nimweleweshe vipi bila kumvunjia heshima? Kinachoniuma zaidi, bibi ameanza kunyamaza akiwaona, anaogopa kuitwa kichaa. Tumuulize wenyewe, au tumwache?