Ushauri: Hasira inanipanda mtoto akiingia tu darasani

ChakiNyeupe
Wakuu, mwanafunzi ana miaka 9, mtaalamu amethibitisha ana tatizo la tabia. Anatukana, anasukuma meza, kazi hafanyi. Nikimwona tu mlangoni nakasirika. Nimtoe nje au nimpuuze? Na hasira yangu je?

Mnasihi77
Ukimtoa nje, yeye kaponyoka kazi na wewe umepata utulivu. Wote mmelipwa, kwa hiyo kesho mtarudia. Mwanasaikolojia Gerald Patterson aliueleza mtego huu kwa wazazi na watoto mwaka 1982. Darasani ni uleule.

Kwa wiki moja andika mambo matatu kila vurugu ikitokea: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Ukiona inakuja kila mara kwenye kuandika, maswali 10 yawe 3, na mpe kadi ya kuombea mapumziko ya dakika 3. Mfundishe kuitumia akiwa ametulia, maana akishawaka haikumbuki.

KibaoCheusi
Kumpuuza kuna masharti, mkuu. Tabia inayopuuzwa inaweza kuzidi kwanza ndipo ipungue. Wengi husalimu amri hapo kwenye kuzidi, mtoto akajifunza kwamba kelele kubwa ndiyo inayosikilizwa. Na kama anakwepa kazi, ukimpuuza umempa anachotaka. Meza zikianza kusukumwa, hakuna cha kupuuza. Wasogeze wenzake kwanza.

SautiYaChini
Mmeiruka hasira. Tabasamu la kulazimisha halisaidii: uso unatulia, ndani unachemka, na mtoto anaisikia kwenye sauti. Badili tafsiri kabla hajaingia. Badala ya “ananidharau”, jiambie “kazi imemshinda na hajui kuomba msaada”. Akipandisha, simama upande wake, umbali wa hatua mbili, sauti chini, agizo moja fupi, kisha nyamaza. Mahubiri na vitisho vya adhabu wakati ule ni petroli.

Halafu mtengee dakika 10, mara mbili au tatu kwa wiki, achague yeye cha kufanya. Usifundishe, usisahihishe, usimhoji. Taja tu anachofanya na hisia unazoziona. Na usizifute eti kwa sababu asubuhi katukana. Ukizifuta zinakuwa zawadi ya tabia njema, na mtoto wa namna hii zawadi hizo huzikosa karibu kila siku.

ChakiNyeupe
Na akigoma hizo dakika 10?

SautiYaChini
Kaa karibu, usimbembeleze. Muda ukiisha mtajie siku ya kukutana tena, na siku hiyo uwepo.