Wana wa Baraza, Shangani 🎹

*Jumapili, 30 Agosti*

Sele: Asalaam aleikum wana wa baraza. Maulidi yamekwisha, udhuru hamna tena. Jumamosi hii ni tarehe 5 Septemba. Farrokh Bulsara, mzaliwa wetu wa hapa Unguja, Freddie Mercury wa bendi ya Queen, angetimiza miaka 80. Tunakaa barazani baada ya Isha, tunamsikiliza. Spika nakodi mimi. Mchango elfu 10 kila kichwa.

Sele: Na safari hii Queen hatupigi. Queen hata wachukuzi wa bandarini wanazijua. Tunapiga za peke yake. Mr. Bad Guy ya 1985, halafu Barcelona ya 1988. Mwanzo mpaka mwisho.

Sele: Mbona kimya

Sele: Watu 23 humu

Juma Kibao: Waalaykum salaam. Elfu 10 na urojo umo?

Sele: Juma sema la maana

Juma Kibao: Ndo hilo

Mwalimu Saidi: Waalaykum salaam kutoka Mombasa. Mimi nakuja Ijumaa kwa ndege inshallah. Ila Sele, Mr. Bad Guy nzima? Nyimbo 11! Watu watasinzia kwenye ya 4.

Rahma Muscat: 😂😂😂 Mwalimu Mungu akuweke

Sele: Nilijua tu Rahma utaibuka hapo

Rahma Muscat: Si kweli kwani? Ile ni albamu ya mtu aliyekosa wa kumwambia "hapana". Nyimbo zote 11 katunga yeye. Kinanda yeye. Utayarishaji yeye na Mack. Kule Munich wenzake wa Queen hawapo: Brian hayupo wa kununa, Roger hayupo wa kugomba. Gitaa unalitafuta kwa tochi.

Sele: Ilifika namba 6 Uingereza hiyo unayoitia kasoro

Mwalimu Saidi: Na Marekani namba 159. Tuseme yote.

Juma Kibao: Daladala 505 naijua, inakwenda uwanja wa ndege. 159 inakwenda wapi?

Zuhura UK: 🤣🤣🤣🤣 nimo kwenye treni watu wananitazama

Sele: Haya chekeni. Living on My Own ilipotoka 1985 ilikwama namba 50. Mwaka 1993 ikashika namba 1 Uingereza. Wimbo ule ule! Masikio ya watu ndiyo yalichelewa.

Rahma Muscat: Hayakuchelewa. Watu waliung'oa mdundo wake wakautia mwengine. Umevaa kanzu ya kuazima ndo ukapendeza.

Sele: Sauti ya nani lakini

Rahma Muscat: Sauti hakuna anayebisha. Tunabishia albamu.

Mwalimu Saidi: Mimi nina kipimo changu. Albamu imetoka mwisho wa Aprili 1985. Tarehe 13 Julai yeye na Queen wako Wembley, tamasha la Live Aid, dunia nzima inatazama, dakika ishirini na ushei. Wimbo wa albamu hii hata mmoja hakupiga. Mtu ana duka jipya halafu siku ya soko hafungui?

Sele: Mwalimu pale kaenda na bendi! Utaalikwa arusini na familia yako halafu uanze kutangaza biashara yako?

Juma Kibao: Mimi natangaza. Samaki wapo. Jodari na nguru, nipo Darajani mpaka saa 6 mchana

Sele: JUMA

Zuhura UK: Sele mimi niko upande wako kidogo. Ila spika barazani? Umesahau 2006, sherehe yake ya miaka 60 ilivyopingwa hapo Unguja?

Sele: Ile ilikuwa habari nyengine na watu wengine. Hii ni baraza yetu.

Abdilatif: 👀

Sele: Abdilatif, unachangia au unachungulia tu?

Sele: Pia nimefikiria, tuvae nyeusi na nyeupe. Ile video ya Living on My Own ni sherehe yake ya miaka 39 pale Munich, wageni wote weusi na weupe.

Juma Kibao: Kanzu nyeupe, buibui jeusi. Tumeshavaa. Ajenda inayofuata.

*Jumatatu, 31 Agosti*

Sele: Waliochangia mpaka sasa: Sele. Asanteni sana.

Khamis Fidla: Asalaam aleikum. Jana nilikuwa mazoezini nikarudi usiku, simu haina moto. Nimesoma yote. Naomba niseme kidogo kwa sababu mnagombana na wote hamjagusa penyewe.

Khamis Fidla: Nyimbo za Mr. Bad Guy si mbovu. Kasoro yake ni kuwa hajibiwi. Nyie mmekulia kwenye taarab. Mwimbaji akivuta sana, fidla inamrudisha. Akimaliza mstari, kanuni ile ya nyuzi inamjibu. Ndiyo maana anapandwa na mori. Sasa muondolee wanaomjibu, mpe vinanda vya umeme vinavyosema "naam bwana, naam bwana". Sauti inabaki inaelea. Sikilizeni I Was Born to Love You ya 1985. Halafu sikilizeni ya 1995, wenzake walipoirekodi upya nyuma ya sauti ile ile, yeye keshafariki miaka minne. Koo ni moja. Hii ya pili ina watu ndani.

Rahma Muscat: 👏🏽👏🏽👏🏽 Ndo nilichosema jana kwa ukali, Khamis kakisema kwa adabu

Sele: Khamis kasema nyimbo si mbovu. Someni tena. NYIMBO SI MBOVU.

Khamis Fidla: Nimesema. Na Made in Heaven nayo ni hivyo hivyo, iko 1985 na iko 1995. Tuzipige mbili mbili, ya kwake halafu ya wenzake. Watu waamue. Hapo utapata mazungumzo. Ukipiga 11 mfululizo Mwalimu atakoroma kweli.

Mwalimu Saidi: Naunga mkono. Na Barcelona?

Rahma Muscat: Barcelona wimbo, sawa, nywele zinasimama. Barcelona albamu, hapana. Yule mama Montserrat Caballé alikuwa na sauti ya kujaza jumba la opera, wamemwekea okestra ya kinanda. Biharusi kavaa dhahabu mpaka kiunoni, kakalishwa kwenye kiti cha plastiki.

Zuhura UK: 😭😭 lakini Rahma walirekebisha. 2012 waliitoa upya na okestra ya kweli.

Khamis Fidla: Ndiyo. Na hapo ndipo unajua kuwa utunzi ulikuwa mzima siku zote. Nguo ndiyo ilikuwa ya bei rahisi. Kwangu mimi Barcelona ni kubwa kuliko Mr. Bad Guy, kwa sababu mle kapata mtu wa kumjibu. Yeye na Caballé wanashindana kila mstari.

Mwalimu Saidi: Na How Can I Go On mle, besi kapiga John Deacon. Mmoja wa wale wale wenzake. Sijui kama Sele anajua.

Sele: Najua kabla hujazaliwa

Mwalimu Saidi: Nimekuzidi miaka minne Sele

Juma Kibao: [picha]

Juma Kibao: Huyu paka wa hapa sokoni anauliza mrabaha wake. Si mlisema albamu kaitunuku paka?

Zuhura UK: Jerry! Na Tom, na Oscar, na Tiffany. Imeandikwa kwenye jalada.

Juma Kibao: Basi keshaelewa kwa nini ni namba 159. Paka hawanunui santuri.

Sele: Jamani. Spika elfu 60, jamvi lipo, kahawa Khamis umesema utaleta birika. Nahitaji majina leo. Mimi albamu hii sikuisikia kwenye fleshi kama nyie, niliisikia kwenye santuri yenyewe, sindano inakwaruza. Ndiyo maana naitetea.

Rahma Muscat: Santuri ya nani Sele?

Sele: Rahma tusifike huko

Rahma Muscat: Nauliza tu. Santuri ya nani?

Rahma Muscat: Maana ile aliyoinunua marehemu baba Dubai 1986 uliiazima wewe mwaka 1994 kwa siku mbili. Ukaja kusema imepotea. Baba mpaka anaondoka duniani akiuliza, "Sele kaipata ile sahani?" Leo unaikodishia spika kumbukumbu zake.

Sele: Nilishaomba radhi Rahma. Mara nyingi.

Rahma Muscat: Radhi uliomba. Kilichotokea hujawahi kukisema.

Zuhura UK: Jamani tuyaache, ni mbele za watu

Juma Kibao: Mimi nilikuwa nauza samaki tu

Mwalimu Saidi: Sele, tufanye nyimbo sita. Mbili mbili kama Khamis alivyosema.

Sele: Sawa

*Saa 4:20 usiku*

Bi Mkubwa Mwanakheri: Sele

Sele: Naam Bibi. Shikamoo.

Bi Mkubwa Mwanakheri: Marahaba. Jumamosi ni arubaini ya Bi Asha wa nyumba ya pili. Khitma baada ya Laasiri na watu watakaa mpaka usiku. Unatia spika wapi

Sele: Astaghfirullah. Bibi nilihesabu vibaya, nilidhani ni wiki ya pili yake.

Bi Mkubwa Mwanakheri: Umehesabu siku ya kuzaliwa mtu aliyehamia Feltham Uingereza hukuhesabu ya jirani yako

Khamis Fidla: Tumesikia Bibi.

Mwalimu Saidi: Tumesikia Bibi. Tutakuwepo khitmani.

Zuhura UK: Mungu amrehemu Bi Asha. 🤲🏽

Bi Mkubwa Mwanakheri: Na wewe Rahma mwanangu

Rahma Muscat: Labeka Bibi

Bi Mkubwa Mwanakheri: Santuri hakuipoteza Sele. Alivunja kaka yako Hamadi. Ilikuwa juu ya kiti pale uani kwangu akaikalia gizani umeme umekatika. Alilia machozi na alikuwa mtu mzima. Baba yenu ana presha wakati ule. Sele akasema nitasema mimi nimeipoteza. Nikawaambia nyote wawili mfunge midomo. Hamadi kafa na siri hiyo. Sele miaka 32 kanyamaza. Nimechoka kusikia anasemwa

Juma Kibao: *Ujumbe huu umefutwa*

*Saa 5:55 usiku*

Rahma Muscat: Sikujua Bibi.

Bi Mkubwa Mwanakheri: Ungejuaje

Bi Mkubwa Mwanakheri: Na ule wa polepole wenye piano anaouliza maisha ndiyo haya tu. Hamadi akiupenda sana ule. Akirudisha sindano akirudisha sindano mpaka namwambia utaitoboa. Huo mpigeni. Siku nyengine si Jumamosi

Khamis Fidla: There Must Be More to Life Than This. Upo Mr. Bad Guy, Bibi.

Bi Mkubwa Mwanakheri: Jina silijui. Lalani sasa

*Jumanne, 1 Septemba*

Sele: Asalaam aleikum. Kwanza, Jumamosi sote khitmani, baada ya Laasiri. Zuhura na Rahma mtatuma mchango wa khitma kwa Bibi moja kwa moja, si kwangu. Pili, hili letu tulisogeze Jumapili tarehe 6?

Khamis Fidla: Jumapili nina arusi Mkunazini, tunapiga mpaka alfajiri. Fidla wawili tu tumebaki, siwezi kuruka.

Mwalimu Saidi: Na mimi tiketi ya kurudi ni Jumapili asubuhi. Nyie mlisema Jumamosi.

Sele: Basi Jumamosi ya tarehe 12

Mwalimu Saidi: Hapo nitakuwa Mombasa. Nitasikiliza kwa simu kama Zuhura. Haina ladha lakini.

Zuhura UK: Ina ladha! Mimi miaka kumi na tano nakula baraza kwa simu

Sele: Khamis, ile orodha yako ya mbili mbili iandike hapa basi.

Khamis Fidla: I Was Born to Love You, 1985 na 1995. Made in Heaven, 1985 na 1995. Barcelona ya 1988, tuilinganishe na ile ya okestra ya 2012. Na ule wa Hamadi.

Mwalimu Saidi: Ule nao una wa pili. Ulitoka 2014, yeye na Michael Jackson wanapokezana.

Rahma Muscat: Ule upigwe mmoja. Wa santuri.

Sele: Sawa.

Rahma Muscat: Sele nimekutumia elfu 20

Sele: Mchango ni elfu 10 Rahma

Rahma Muscat: Najua mchango ni ngapi. Mengine tutazungumza nikija Desemba.

Rahma Muscat: Ila albamu bado dhaifu. Hilo sirudi nyuma.

Sele: 😄 Tutaona Desemba

Juma Kibao: Kama ni Desemba mimi pweza nitakuwa naye. Agosti hii hawapatikani

Mwalimu Saidi: Ni Septemba Juma

Juma Kibao: Ndo maana hawapatikani

Sele: Jamani mwenye spika kapiga simu mara mbili. Nusu nimeshamlipa na harudishi. Anataka jibu kabla ya Magharibi: ni Jumapili tarehe 6 bila Khamis na Mwalimu, au Jumamosi tarehe 12 bila Mwalimu, au Desemba Rahma akija. Nijibuni moja tu kati ya hizo tatu.

Sele: Naona mmesoma watu 19

Abdilatif: 👍

Sele: Abdilatif, hiyo ni ya ipi?